Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Kuandika Riwaya na Filamu Nairobi

Mimi ni mwandishi wa riwaya za Kiswahili, na pia naandika skripti za tamthilia za runinga na filamu. Nakaa Nairobi, na kazi yangu yote iko hapa. Ukurasa huu ni wa wale wanaonitumia ujumbe, wanaonisimamisha baada ya mijadala ya vitabu, na wanafunzi wanaonijia na daftari zilizojaa hadithi. Maswali yao hufanana, na yanastahili majibu marefu kuliko yale ninayoweza kutoa nikiwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi.

Ulianza na riwaya au na skripti?

Riwaya. Nilikulia Makadara, na maktaba ya umma iliyoko huko ndiyo iliyonifundisha kukaa kimya na kitabu. Skripti zilikuja baadaye kupitia jukwaa. Kuna vikundi vya maigizo vinavyozunguka shule za upili vikiigiza vitabu teule, yaani vile vinavyotahiniwa, ili watahiniwa waone wahusika kwa macho. Niliingia kimoja kama msaidizi, nikapewa kazi ya kufupisha: riwaya nzima ienee saa moja na nusu, na wanafunzi mia nne waliobanana bwaloni wasianze kupiga gumzo. Ukiona bwalo limetulia kwa sentensi fulani na likachafuka kwa nyingine, unajifunza haraka sana ni maneno gani yanabeba mzigo.

Je, mtu anaweza kuishi kwa uandishi peke yake hapa Nairobi?

Anaweza, lakini ni nadra aishi kwa riwaya peke yake. Tufanye hesabu. Mrabaha wa mwandishi, yaani fungu lake kwa kila nakala inayouzwa, Kenya mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 15. Chukua asilimia 10, na tuseme kitabu kinahesabiwa kwa shilingi 500. Kila nakala inakupa shilingi 50. Ukiuza nakala 1,000, ambayo kwa riwaya ya kawaida isiyosomwa shuleni si jambo dogo, umepata 50,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kabla hujaziona, unabaki na 47,500. Hizo hulipwa mara moja au mbili kwa mwaka. Wengi hulipa kodi ya nyumba Umoja au Kasarani kila mwezi, kwa hiyo umeelewa.

Tena soma vizuri hiyo asilimia ni ya nini. Mikataba mingine huhesabu mrabaha kwa bei ya rafuni, mingine kwa pesa anazopokea mchapishaji baada ya kumpunguzia mwenye duka. Tofauti ya hapo inaweza kula theluthi ya pesa zako, na iko katika mstari mmoja tu wa mkataba.

Hesabu hubadilika kitabu kikichaguliwa kuwa kitabu teule cha shule za upili. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, katika miaka ya karibuni wamepita 900,000 kwa mwaka, na Kiswahili ni somo la lazima. Hata ukiondoa nakala zinazorithiwa kutoka kwa kaka na dada, na zile za uharamia zinazochapishwa usiku na kuuzwa mchana, kitabu cha namna hiyo kinaweza kumlisha mwandishi kwa miaka. Lakini vitabu vinavyochaguliwa ni vichache mno, na uteuzi hukaa muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Huwezi kupanga maisha yako juu yake.

Ndiyo maana wengi wetu tuna miguu miwili. Runinga hulipa kwa kipindi, na tamthilia ya kila siku hula vipindi vingi. Pesa zake huja mapema kuliko mrabaha, na zikiisha zimeisha. Riwaya hulipa polepole, lakini ikiwa umeshika haki zako inaendelea kukulipa ukiwa umeshaandika nyingine mbili. Wengine huongezea uhariri, tafsiri, manukuu ya filamu, kufundisha. Sioni aibu yoyote katika hizo. Mwandishi anayehariri kazi za wenzake hunoa sikio lake.

Tofauti kati ya riwaya na skripti ni nini hasa? Si zote ni hadithi?

Ni hadithi, ila riwaya inaweza kuingia kichwani mwa mtu na skripti haiwezi. Skripti huandika kinachoonekana na kinachosikika, basi. Nitakuonyesha. Hii ni aya ya riwaya:

*Nekesa alijua. Alijua tangu mlango ulipofunguliwa kwamba karo haikufika shuleni. Lakini alikuwa amechoka na kujua. Miaka kumi ya kuishi na baba ya mtoto huyu ilimfundisha kwamba mtu akishikwa na uongo wake huongeza mwingine, na katika chumba hiki cha futi kumi kwa kumi hapakuwa na mahali pa kuuweka huo mwingine.*

Kamera haiwezi kupiga picha ya "miaka kumi ilimfundisha". Sasa tazama skripti:

NDANI. CHUMBA CHA NEKESA, KAYOLE. USIKU.

*Nekesa anapiga pasi sare ya shule. Brian anaingia, anavua viatu mlangoni bila kumwangalia mamake.*

NEKESA: Risiti ya karo?

BRIAN: Ofisi ilikuwa imefungwa. Nitaichukua kesho.

*Nekesa anaikunja ile sare taratibu. Anaitia ndani ya sanduku. Anafunga sanduku kwa kufuli, anatia ufunguo kifuani.*

NEKESA: Kula. Chakula kitapoa.

Hakuna aliyetamka neno "uongo". Mtazamaji ameelewa kwamba mama anajua, na kwamba kesho hakuna kwenda shule. Baba hayumo kabisa. Ukitaka awemo, itabidi utafute kitu kingine kinachoonekana, labda koti lake ambalo bado limening'inia ukutani. Kazi ya skripti ni huko kutafuta.

Kwa upande wa umbo, ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Filamu ndefu kwa hiyo huwa na kurasa 90 hadi 120. Kwa riwaya hakuna anayekuhesabia. Unaweza kukaa kurasa kumi na mtu mmoja anayengoja matatu ya mwisho pale Railways, na msomaji akakushukuru.

Kuna Mkenya aliyefanya kazi zote mbili ambaye naweza kujifunza kwake?

Anza na Meja Mwangi. Alizaliwa Nanyuki mwaka 1948, na riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, *Kill Me Quick* ya 1973, ilimpa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ikafuata *Going Down River Road* mwaka 1976, na *The Cockroach Dance* mwaka 1979. Mjengo, chang'aa, vyoo vya pamoja, mishahara inayoisha Ijumaa: kabla yake, River Road haikuwa imeandikwa kwa macho hayo. Wakati huohuo alikuwa mtu wa filamu. Alifanya kazi nyuma ya kamera katika filamu za kigeni zilizopigwa nchini, ikiwemo *Out of Africa* ya 1985. Riwaya yake ya vita vya Mau Mau, *Carcase for Hounds* ya 1974, ilifanywa filamu na Mnigeria Ola Balogun mwaka 1981 kwa jina la *Cry Freedom*. Soma mazungumzo katika riwaya zake za mjini na utaona mtu anayefikiri kwa sini, yaani onyesho moja baada ya jingine: watu wanaingia wakiwa katikati ya jambo, wanarushiana maneno mafupi, wanatoka kabla halijaisha.

Wa pili ambaye humtaja kila ninapoulizwa si Mkenya. Ni Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa kuli wa bandarini kule Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, na alipoona kwamba watu aliokuwa akiwaandikia hawasomi Kifaransa, akaenda Moscow kusomea filamu akiwa karibu na umri wa miaka arobaini. Mwaka 1968 akatoa *Mandabi*, iliyotokana na hadithi yake mwenyewe, na wahusika wakazungumza Kiwolof. Ngũgĩ wa Thiong'o alimheshimu sana, hata akashiriki kutengeneza filamu ya hali halisi juu yake mwaka 1994. Mimi namtaja Sembène kwa sababu hakuiacha riwaya alipoingia katika filamu. Aliendelea na zote mbili, kila moja kwa watu wake.

Niandike Kiswahili gani? Sanifu, au kile tunachoongea mtaani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Katika riwaya, masimulizi yangu ni ya Kiswahili sanifu, kwa sababu nataka msomaji wa Tanga, wa Lamu na wa Bungoma wote wanifuate. Katika mazungumzo, kila mtu azungumze kama alivyo. Makanga wa Rongai haongei kama imamu wa Eastleigh, na mwalimu mstaafu aliyelelewa Mombasa hatasema "niko na njaa" kama asemavyo kijana wa Dandora. Ukiwapa wote Kiswahili kimoja umewaua. *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, iliachia Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza vichanganyike jinsi vinavyochanganyika Nairobi kila siku, na watu wakajaa kumbini.

Sheng ina shida moja kwa mwandishi wa riwaya: inazeeka haraka. Msamiati wa mwaka huu wa Umoja huenda ukachekwa baada ya miaka mitano. Kwa hiyo mimi hushika zaidi mwendo wa sentensi za Sheng, ule ukato na ule utani, kuliko maneno yake mapya. Kwenye skripti siogopi, kwa sababu waigizaji wenyewe watanirekebisha. Mwigizaji kijana akikuambia "hii hatusemi hivi tena", mshukuru na ukate.

Na ukitaka kitabu chako kiidhinishwe kwa shule na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, jua kwamba lugha itapimwa kwa makini. Panga mapema unamwandikia nani.

Lazima niwe nimesomea?

Hapana. Lakini kusoma kunasaidia zaidi upande wa filamu kuliko upande wa riwaya, kwa sababu filamu ina vifaa na watu ambao huwezi kuwapata ukiwa umejifungia chumbani. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, KIMC, iko South B na imefunza watu wa redio na filamu tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya filamu na sanaa za maonyesho. Mwaka 2018 kampuni ya MultiChoice ilianzisha pia akademia hapa Nairobi, ikichukua vijana wachache kutoka nchi kadhaa za ukanda huu.

Kwa riwaya, soma riwaya. Soma za Kiswahili kutoka Zanzibar na Tanzania bara, si za mtihani tu.

Mswada wangu umekamilika. Niupeleke wapi?

Kwanza uache upumzike, kisha usome kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Mdomo utakwama pale msomaji atakapokwama.

Baada ya hapo, tembelea duka la vitabu, Text Book Centre kwa mfano, au maonyesho ya vitabu yanayofanyika Sarit Centre kila Septemba, utazame ni nani anachapisha riwaya zinazofanana na yako. East African Educational Publishers, Longhorn, Moran, Oxford University Press, Storymoja, Jomo Kenyatta Foundation: kila mmoja ana mwelekeo wake. Wengi wanategemea soko la shule, kwa hiyo riwaya ya watu wazima yenye mambo mazito itapata milango michache. Hilo halimaanishi kazi yako ni mbaya. Tuma muhtasari wa ukurasa mmoja, sura mbili au tatu za kwanza, na maelezo mafupi juu yako. Jibu linaweza kuchukua miezi. Ukingoja, andika kingine.

Usidharau tuzo. Ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ni ya kazi za Kiswahili tu, na hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Imewatoa waandishi waliokuwa hawajulikani nje ya mitaa yao. Tuzo ya Jomo Kenyatta, inayosimamiwa na Chama cha Wachapishaji, hupokea vitabu vilivyokwisha kuchapishwa na ina kitengo cha Kiswahili.

Na nikijichapishia mwenyewe?

Inawezekana, na siku hizi hakuna anayekucheka. Nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Wachapaji wadogo wako River Road na Kirinyaga Road, na wengine watakuchapia hata nakala mia moja. Duka la Nuria limejijengea jina kwa kuwauzia waandishi wanaojichapishia. Wauzaji wa inama, wale wanaotandika vitabu chini kando ya njia katikati ya jiji, wengine hukubali nakala chache kwa makubaliano ya mdomo.

Ninachokusihi ni kimoja: usiruke mhariri. Lipa mtu asome kazi yako kabla haijaenda mtamboni. Jalada linaweza kuwa la kawaida na msomaji akasamehe, lakini ukurasa wa kwanza wenye makosa matatu ya tahajia humrudishia kitabu muuzaji mkononi.

Prodyusa akisikia wazo langu ataniibia. Nifanyeje?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hailindi wazo tupu. Inalinda kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, yenye jasho lako ndani yake. Ukisimulia hadithi kwa mdomo ukinywa chai na mtu, huna kitu mkononi. Ukiwa na muhtasari wa kurasa tano wenye wahusika, migogoro na mwisho, una kazi, na haki juu yake ni yako tangu ulipoiandika, hata kabla ya kuisajili popote.

Hata hivyo isajili. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ina sajili ya kitaifa ambapo unaweka kazi yako na kupata cheti. Siku ya ugomvi, cheti chenye tarehe kinazungumza vizuri kuliko shahidi. Tuma pia muhtasari kwa baruapepe kabla ya mkutano, ili kuwe na kumbukumbu ya nani alimpa nani nini na lini. Prodyusa mwema hatachukia.

Mkataba niuangalie wapi?

Kote. Lakini kuna sehemu ambazo mimi husoma mara mbili, kisha nampa wakili asome mara ya tatu.

Ya kwanza ni nani anabaki na hakimiliki. Hapa waandishi wa runinga wengi hawajui sheria inasema nini. Kazi ikiagizwa, yaani mtu amekulipa umwandikie, au ukiwa umeajiriwa na ukaiandika katika kazi hiyo, haki huhesabiwa kuwa zimehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo nafasi yako. Usiponyanyua mdomo kabla ya kutia sahihi, tamthilia uliyobuni kutoka kichwani mwako inaweza kupata msimu wa pili, wa tatu, ikauzwa nchi nyingine, na wewe ukiitazama nyumbani kama jirani yeyote. Omba angalau utajwe kama mbunifu wa tamthilia, upewe malipo kwa kila msimu unaofuata hata usipouandika, na haki ya kuigeuza kuwa riwaya ibaki kwako.

Ya pili ni ratiba ya malipo. Ifungwe na hatua za kazi: sehemu ukitia sahihi, sehemu ukiwasilisha rasimu ya kwanza, sehemu ukimaliza marekebisho. Isifungwe na siku ya kuanza kupiga picha wala siku ya kurusha hewani, kwa sababu siku hizo haziko mikononi mwako. Niliwahi kuandika karibu msimu mzima wa tamthilia, prodyusa akaishiwa na fedha katikati. Mkataba ulisema rasimu zisizolipiwa zirudi kwangu, zikarudi, na sehemu kubwa ya hadithi ile leo ni riwaya.

Ya tatu ni idadi ya marekebisho. Andikeni mara ngapi. Bila hivyo utaandika mpaka uchakae.

Kwa mkataba wa riwaya, angalia mchapishaji amechukua haki zipi. Kuchapisha kwa Kiswahili Afrika Mashariki ni haki moja. Tafsiri ni nyingine. Kitabu cha kusikiliza ni nyingine. Filamu ni nyingine kabisa. Mchapishaji asiye na idara ya filamu anazitakia nini haki za filamu? Muulize kwa heshima, umwombe afute mstari huo au muafikiane mgawo unaokufaa. Na kuwe na kifungu kinachokurudishia haki kitabu kikiadimika madukani na mchapishaji asikichapishe tena. Haki za maandishi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka utakaofariki. Unachotia sahihi leo kitawahusu wajukuu wako.

Riwaya yangu ikitakiwa kufanywa filamu, niandike skripti mimi mwenyewe?

Inategemea kama unaweza kuivunja. Mwenye riwaya huona uchungu kumuua mhusika aliyemlea kwa kurasa mia tatu, na filamu haina nafasi ya wote. Ukijiona unatetea kila sura, mpe mwingine aandike, wewe ubaki mshauri.

*Vuta N'Kuvute*, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya Zanzibar iliyochapishwa 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Riwaya ile ina watu wengi na mizunguko mingi. Filamu ikachagua mapenzi na mapambano ya kisiasa, mengine ikayaacha kitabuni. Hadithi fupi nazo zina bahati yake, kwa sababu kuzipanua ni rahisi kuliko kupunguza: *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ya 2018 ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007.

Kwa kawaida prodyusa haanzi kwa kununua. Hulipa kiasi kidogo ili riwaya isiuzwe kwa mwingine kwa muda fulani, tuseme mwaka mmoja, huku akitafuta fedha. Muda ukiisha bila filamu, ile pesa ni yako na haki zimerudi. Usikubali muda usio na mwisho, na usiutoe bure kwa sababu tu mmesoma shule moja.

Chumba cha waandishi wa tamthilia kiko vipi?

Ni chumba chenye ubao, kadi zilizobandikwa, chai nyingi na watu wanne hadi wanane wanaobishana. Mwandishi mkuu hushika mkondo wa msimu wote. Tunakubaliana nini kitatokea katika kila kipindi, tunagawana, kila mmoja anaenda kuandika chake, halafu mwandishi mkuu anavipitia ili mhusika aliyekuwa mpole Jumatatu asiwe mkali Jumanne bila sababu. Kabla ya kupiga picha, waigizaji huketi mezani wakasoma skripti kwa sauti. Hapo ndipo mistari mibovu hufia.

Utajifunza pia bei ya kila sentensi. Ukiandika "Gikomba inaungua, wafanyabiashara wanakimbia na mizigo", umeandika zima moto, watu mia mbili na vibali. Prodyusa atakurudishia. Basi unaandika mama mmoja anayeuza nguo za mitumba, amesimama nyumbani kwake alfajiri, simu sikioni, nguo zake zinanuka moshi, akiuliza kuhusu safu yao ya vibanda: "Laini yetu? Laini yetu pia?" Mara nyingi sini ya pili ni bora. Mvua nayo ni gharama, watoto wadogo ni gharama, na sini ndani ya matatu inayotembea ni gharama kuliko unavyodhani.

Anayetoka kwenye riwaya huumia mwanzoni, kwa sababu chumbani hakuna kilicho chako. Mstari wako bora unaweza kupewa mhusika wa mwenzako. Mimi nimeupenda ushirika ule. Riwaya humweka mtu peke yake miaka mingi.

Serikali inaweza kuzuia kazi yangu?

Riwaya haihitaji kibali kabla ya kuchapishwa. Filamu ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, kupiga picha huhitaji leseni, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, huainisha filamu kabla ya kuonyeshwa kwa umma: ya wote, ya uangalizi wa mzazi, ya miaka 16, ya miaka 18. Inaweza pia kukataza. *Rafiki* ilipigwa marufuku Aprili 2018, siku chache kabla ya kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na foleni zikawa ndefu. Naamini mtu mzima ana haki ya kuchagua atakachotazama, na sitaki mwandishi kijana aanze kujikatia sini kabla bodi haijaiona.

Kwa runinga kuna kanuni ya saa: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, vipindi viwe vinavyofaa familia nzima. Mwandishi hupaswa kujua kipindi chake kitarushwa saa ngapi kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Huandikia wapi na saa ngapi?

Riwaya alfajiri, kabla ya simu kuanza. Skripti mchana, mahali penye watu. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji ilinihifadhi miaka mingi, na Kaloleni na Makadara zina maktaba ambazo wenzetu wa shirika la Book Bunk wamezifufua kwa bidii kubwa. Tafuta iliyo karibu nawe. Meza ni bure.

Unaweza kunisomea mswada wangu?

Mswada mzima siwezi, kwa sababu niko na mikataba yenye tarehe, na kusoma kazi ya mtu nusunusu ni kumdharau. Nasoma kurasa kumi za kwanza za riwaya, au sini tatu za skripti, zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili na zimepangwa vizuri, na najibu kwa kuzihariri juu yake ili uone nilipokwama. Usinitumie wazo bila kazi. Andika juu ya ukurasa wa kwanza jina lako na tarehe, na ubaki na nakala yako.

Na kama tayari una mkataba mezani unaosubiri sahihi, usinitumie kurasa. Nitumie swali kuhusu kifungu kinachokutatiza, na hilo nitalijibu kabla ya mengine yote.